Mifupa Hutaka Mzigo

Watu wakishavuka miaka 50 hupewa ushauri wa namna moja kuhusu mazoezi: tembea, nyoosha viungo, usijichoshe, na kama ni lazima ushike vyuma, basi shika vile vyepesi kabisa. Ushauri huo hutolewa kwa nia njema, na sehemu yake kubwa haina ubaya, kwa kuwa kutembea kunaufaa moyo, kunayafaa mapafu na kunaleta usingizi. Lakini tukija kwenye mifupa, nimefikia kuamini, baada ya kusoma sana na baada ya miaka kadhaa ya kunyanyua vyuma mwenyewe, kwamba upole huo ndio unaotuponza sisi wa umri huu. Wingi wa mwendo hauujengi mfupa sana. Kinachoujenga ni mzigo, tena mzigo uliozidi ule ambao mfupa umekwisha kuuzoea.

Jambo hili haliwezi kueleweka iwapo tutaendelea kuufikiria mfupa kuwa kitu kikavu kilichomaliza kuumbwa siku tulipoacha kurefuka. Mfupa ulio mwilini uko hai, unapitiwa na mishipa ya damu na ya fahamu, na maisha yote hubomolewa na kujengwa upya. Zipo seli zinazokula sehemu zilizochakaa, na zipo nyingine zinazofuata nyuma kujaza mfupa mpya, mfano wa mafundi wawili waliokabidhiwa nyumba moja, mmoja akibomoa na mwenzake akijenga. Kwa mtu mzima, karibu sehemu moja ya kumi ya mifupa yote hupitiwa na kazi hiyo kila mwaka. Ujanani mjenzi humshinda mbomoaji, na mifupa hufikia kilele cha uimara wake mtu anapokaribia miaka 30. Kwa muda fulani wawili hao hulingana, kisha polepole mizani huanza kuelemea upande wa kubomoa.

Kwa wanawake kuelemea huko huja kwa kishindo. Homoni ya estrojeni ndiyo iliyokuwa ikiwadhibiti wabomoaji, na hedhi inapokoma homoni hiyo hushuka, kiasi kwamba katika miaka 5 hadi 7 ya mwanzo baada ya hapo mwanamke anaweza kupoteza hadi asilimia 20 ya uzito wa mifupa yake bila kuhisi maumivu yoyote. Wanaume hushuka taratibu zaidi, lakini nao hushuka, na kwa vile ni nadra kwa mtu yeyote kuwakumbusha kupimwa, wengi wao huupata ukweli huo siku wanapovunjika. Wapo pia wanaopoteza mifupa mapema kuliko umri wao kwa sababu ya dawa, hasa wale wanaotumia vidonge vya prednisoloni kwa miezi mingi, au kwa sababu ya sigara na ulevi wa kupindukia.

Sasa, ni nani anayewaambia mafundi hao mahali pa kubomoa na mahali pa kujenga? Hapa ndipo ninapopapenda zaidi katika habari hii yote. Ndani kabisa ya mfupa mgumu kuna seli za aina ya tatu, zilizozikwa humo na kuunganishwa na vijifereji vyembamba vyenye majimaji. Mtu anapobeba mzigo, mfupa hupinda kidogo mno, kiasi kisichoonekana kwa macho, na majimaji hayo husukumwa na kupita kwa kasi katika vijifereji. Seli zilizozikwa huhisi msukumo huo. Zinapokuwa zimekaa bila kazi, hutoa protini inayoitwa sklerostini, ambayo huwazuia wajenzi. Zinapohisi mzigo, hupunguza protini hiyo, na ujenzi huanza mahali palepale palipoelemewa. Ndiyo maana mfupa huongezeka unene pale tu ulipofanyiwa kazi. Mcheza tenisi aliyeanza utotoni huwa na mfupa mnene zaidi katika mkono unaoshika raketi kuliko katika mkono wa pili, ilhali chakula alichokula ni kimoja na damu yake ni moja. Daktari wa upasuaji wa Kijerumani, Julius Wolff, aliandika mwaka 1892 kwamba mfupa hujipanga upya kulingana na mizigo inayouelemea, na ingawa yapo mengi ya hesabu yake ambayo wanasayansi wa baadaye waliyasahihisha, msingi wa maneno hayo umebaki.

Ushahidi wa upande wa pili umetoka angani. Wanaanga wanapokaa miezi mingi mahali ambapo miili yao haina uzito, hupoteza takriban asilimia 1 hadi 1.5 ya mfupa wa nyonga kwa kila mwezi, na hao ni watu waliochaguliwa kwa afya na nguvu zao. Walikuwa wakikimbia kwenye mashine na kuendesha baiskeli ya kusimama, na bado mifupa ilikwenda. Mwaka 2008 kilipelekwa katika Kituo cha Kimataifa cha Anga chombo kipya kinachotumia mitungi isiyo na hewa ndani kuiga uzito wa vyuma, hata mwanaanga akaweza kuchuchumaa na kunyanyua dhidi ya ukinzani mkubwa. Wale waliokitumia ipasavyo, pamoja na kula vya kutosha na kupata vitamini D, walirudi duniani wakiwa wameihifadhi mifupa yao vizuri zaidi kuliko waliowatangulia.

Swali linalofuata ni kiasi gani cha mzigo, na mara ngapi. Mwaka 1984 watafiti wawili, Clinton Rubin na Lance Lanyon, walichapisha jaribio walilofanya kwenye mfupa wa bawa la ndege, ambao waliutenga ili usipate mzigo wowote isipokuwa ule waliouweka wao kwa chombo. Mfupa ulioachwa bila mzigo ulipungua. Ulioelemewa mara 4 tu kwa siku haukupungua. Ulioelemewa mara 36 uliongezeka kwa wazi, na walipopandisha idadi hadi mara 360 na mara 1,800, hapakuwa na nyongeza ya maana. Mfupa ulikuwa umesikia mapema, na marudio yaliyofuata yalikuwa kama hayapo.

Haba na haba hujaza kibaba, tumezoea kusema, na wengi wetu tumeibeba methali hiyo hadi kwenye vyuma: dambeli ya kilo moja, mara 50 kila mkono, kila asubuhi. Kwa mfupa hesabu hiyo haijumlishwi hivyo. Haba inayofaa ni ile ya kuongeza uzito wenyewe kidogo kidogo, wiki baada ya wiki, huku idadi ya marudio ikibaki ndogo. Kipimo changu ni rahisi: ukimaliza seti na ukaona kwamba ungeweza kuongeza marudio mengine 10 huku ukizungumza, umeisaidia damu kutembea, lakini mifupa yako haijapata habari.

Kwa muda mrefu madaktari wengi waliogopa kuwaambia hivyo watu ambao mifupa yao imekwisha kupungua, na hofu hiyo ilikuwa na mantiki. Ndiyo sababu utafiti uliofanywa na Chuo Kikuu cha Griffith nchini Australia, uliochapishwa rasmi mwaka 2018 na kupewa jina la LIFTMOR, ulinivutia sana nilipousoma. Waliochukuliwa walikuwa wanawake 101 waliokwisha kukoma hedhi, wote wakiwa na mifupa iliyo chini ya kiwango cha kawaida. Kundi moja lilifanya mazoezi mepesi nyumbani. Kundi la pili lilinyanyua vyuma mara 2 kwa wiki, dakika 30 kila mara, kwa miezi 8, chini ya macho ya msimamizi: kunyanyua chuma kutoka sakafuni, kuchuchumaa chuma kikiwa mabegani, kusukuma chuma juu ya kichwa, na zoezi moja la kuruka na kutua kwa kishindo. Kila zoezi la vyuma lilikuwa seti 5 za marudio 5, kwa uzito uliozidi asilimia 80 ya ule wa juu kabisa ambao mtu angeweza kuuinua mara moja. Mwezi wa kwanza ulitumika kujifunza mkao kwa uzito mdogo. Mwishoni, mfupa wa sehemu ya chini ya mgongo ulikuwa umeongezeka kwa asilimia 2.9 kwa walionyanyua, na umepungua kwa asilimia 1.2 kwa wenzao. Nao waliingia wakidhaniwa ni watu wa kuvunjika. Tatizo lililoripotiwa katika kundi la vyuma lilikuwa moja tu, nalo lilikuwa dogo.

Asilimia 2.9 huonekana kidogo kwa mtu aliyezoea matangazo ya dawa za miujiza. Mimi huisoma namba hiyo pamoja na ile ya pili, kwa sababu tofauti ya makundi hayo mawili ni zaidi ya asilimia 4 katika miezi 8, nayo imetokea katika umri ambao kutopoteza chochote peke yake ni ushindi.

Katika mazoezi yote, ninalolithamini kuliko mengine ni lile la kunyanyua chuma kutoka sakafuni, na ningependa nilieleze kwa ukaribu kwa sababu ndilo linaloogopwa zaidi. Ninasimama miguu ikiwa chini ya nyonga, chuma kikiwa juu ya katikati ya nyayo, karibu kabisa kuigusa miundi. Ninairudisha nyonga nyuma kana kwamba nataka kuufunga mlango kwa makalio huku mikono ikiwa imebeba vitu, magoti yanakunja kidogo, na mikono inashuka hadi ikishike chuma nje kidogo ya magoti. Kabla ya kukivuta, ninaondoa ulegevu wote: mikono inanyooka hadi ninasikia kile kilio kidogo cha chuma kikigusa sahani zake, mabega yanashuka, kifua kinatazama mbele, mgongo unanyooka na kukazwa. Kisha ninavuta pumzi hadi tumboni na kuisukuma sakafu kwa miguu. Chuma hupanda kikinikaribia mapaja, nami husimama wima, si zaidi ya wima, kisha hukirudisha kwa njia ileile. Mgongo haubadiliki umbo tangu mwanzo hadi mwisho. Kinachokunjika na kukunjuka ni nyonga na magoti. Siku mgongo unapoanza kujikunja katika rudio la nne, seti imekwisha, hata kama daftari linasema ni tano.

Nimelikazia hilo la mgongo kwa sababu maalumu. Pingili za uti wa mgongo zina umbo la vijitofali ambavyo upande wa mbele ni dhaifu zaidi mfupa unapopungua, na mtu anapojikunja mbele chini ya mzigo, upande huo ndio hubonyea. Mwaka 1984, Mehrsheed Sinaki na Beth Mikkelsen wa Mayo Clinic nchini Marekani walitoa taarifa ya wanawake 59 waliokuwa na ugonjwa wa mifupa kuwa mepesi, waliofuatiliwa kwa miaka kadhaa. Miongoni mwa waliopewa mazoezi ya kuunyoosha mgongo kwa nyuma, asilimia 16 walipata pingili mpya zilizobonyea. Miongoni mwa waliopewa mazoezi ya kujikunja mbele, ilikuwa asilimia 89. Makundi yalikuwa madogo, lakini pengo hilo ni kubwa mno kulipuuza. Kwa hiyo lile zoezi la kulala chali na kuinua kifua kuelekea magotini, ambalo bado linaagizwa kila mahali kwa ajili ya kupunguza tumbo, ningemwomba mwenye mifupa mepesi aliache kabisa. Inashangaza kwamba watu hukatazwa chuma cha kilo 30 kilichonyanyuliwa kwa mgongo ulionyooka, kisha wakaruhusiwa kujikunja mara mia moja kwenye mkeka.

Kabla ya kuanza, mtu aliyevuka umri wa kati anapaswa kumwona daktari, na hapa sisemi hivyo kwa kujikinga. Yapo mambo mahususi ya kuuliza. La kwanza ni kipimo cha mifupa, kile cha kulala kwenye kitanda cha mashine ya eksirei kwa dakika chache, ambacho hulinganisha mifupa yako na ya kijana mwenye afya: jibu la hasi 2.5 au chini yake ndilo ambalo Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 1994 limeliita ugonjwa, na kati ya hasi 1 na hasi 2.5 ni upungufu unaopaswa kuangaliwa. La pili ni kama kuna pingili iliyokwisha kuvunjika bila wewe kujua, jambo la kawaida kuliko tunavyodhani, hasa kwa mtu ambaye kimo chake kimepungua kwa sentimita kadhaa. La tatu ni shinikizo la damu, kwa maana kunyanyua kitu kizito huku umeibana pumzi hulipandisha kwa ghafla, na asiyelidhibiti anapaswa kuanza kwa uzito wa chini na kutoa pumzi anapoinua. Mwenye kuvunjika kwa karibuni anahitaji mtaalamu wa tiba ya viungo, si mimi.

Kuna jambo jingine ambalo wapenzi wa vyuma hulisahau, nalo ni kwamba mfupa wa nyonga hauvunjiki tu kwa kuwa mwepesi. Zaidi ya asilimia 90 ya mivunjiko ya nyonga hutokana na kuanguka, na mara nyingi ni kuanguka kwa ubavu. Mtu anayejikwaa na kuupeleka mguu mbele kwa wakati hajavunjika, hata kama mashine ilimpa jibu baya. Misuli inayofanya kazi hiyo ya haraka ndiyo inayodhoofika mapema zaidi tunapozeeka, na vyuma huirudisha: mwaka 1990 kundi la watafiti lililoongozwa na Maria Fiatarone, mjini Boston, liliwafundisha kunyanyua uzito wakazi 10 wa makao ya wazee ambao wastani wa umri wao ulikuwa miaka 90, na katika wiki 8 nguvu za misuli ya mapaja kwa waliomaliza zilizidi mara mbili. Hata hivyo nguvu pekee hazitoshi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unawataka wenye miaka 65 na zaidi wafanye mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku 2 kwa wiki, na yale ya kujenga uwiano wa mwili siku 3 au zaidi. Mimi husimama kwa mguu mmoja ninapopiga mswaki, kisha hubadilisha. Ni zoezi lisilohitaji kuvaa chochote wala kwenda popote.

Kuhusu kuogelea na baiskeli nitasema kwa ufupi, maana kila ninapozungumzia mifupa huulizwa. Ni mazoezi mazuri sana, na kwa mwenye magoti mabovu yanaweza kuwa pekee anayoyamudu, lakini maji huubeba mwili na kiti cha baiskeli huubeba mwili, na mifupa hubaki imestarehe. Waendesha baiskeli wa mashindano wanajulikana kwa kuwa na mifupa ya mgongo iliyo mepesi kuliko unavyotarajia kwa wanamichezo. Chakula nacho ni lazima kiwepo: watu wazima wengi huhitaji miligramu 1,000 hadi 1,200 za kalisiamu kwa siku kutoka kwenye vyakula vyote kwa jumla, vitamini D ya kutosha, na protini zaidi ya ile ambayo wazee wengi huila. Hivyo ndivyo vifaa vya ujenzi. Lakini vifaa bila agizo la kazi hubaki vimelala, na agizo hutoka kwenye mzigo. Kwa upande mwingine, ambaye daktari amemwandikia dawa ya mifupa asiiache kwa kuwa ameanza kunyanyua. Viwili hivyo hufanya kazi pamoja.

Mwisho kuna suala la subira, kwa sababu hapa ndipo wengi hukata tamaa. Misuli huanza kuonyesha nguvu ndani ya wiki chache, kano huchelewa, na mfupa huchelewa kuliko vyote: mzunguko mmoja wa kubomoa na kujenga katika sehemu moja ndogo huchukua miezi kadhaa. Kurudia kipimo kila baada ya miezi mitatu ni kujitesa, kwa kuwa mabadiliko yanayoweza kutokea katika muda huo ni madogo kuliko kosa la kawaida la mashine yenyewe. Mwaka 1 hadi 2 ndio muda unaopendekezwa mara nyingi, tena ikiwezekana kwenye mashine ileile. Na mtu akiacha, mfupa ulioongezwa huondoka, kwa kuwa zile seli zilizozikwa hurudi kuwazuia wajenzi. Ukiugua au ukisafiri, rudi kwa nusu ya uzito uliokuwa ukiuinua, kisha panda tena kwa wiki kadhaa. Katika kipindi chote cha kusubiri kipimo, mimi hutegemea namba za daftari, yaani uzito na marudio, pamoja na idadi ya mara ninazoweza kuinuka kwenye kiti bila kutumia mikono kwa sekunde 30. Namba hizo zikipanda au zikisimama ninaendelea. Zikishuka kwa miezi 2 mfululizo bila ugonjwa wala safari ya kuzieleza, nakwenda kwa daktari nikiwa na daftari hilo mkononi.